Antena ya kopo ifundishwe vyuoni kwa vipimo vyake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo vijana wa hapa Mombasa, kuanzia Majengo hadi Likoni, wamekuwa wakilijadili kwa muda sasa, nalo ni antena ya waifai inayotengenezwa nyumbani kwa kopo la bati. Wako wanaoliona kuwa mchezo wa watoto, wako wanaodai kuwa ni chombo cha kuibia intaneti ya jirani, na wako wanaoamini kuwa kopo lolote likitobolewa na kutiwa waya litavuta mawimbi kutoka ng'ambo ya kivuko. Hawa wa mwisho ndio wanaonisikitisha zaidi, kwa kuwa ni vijana wenye akili na mikono mizuri, na wengi wao hutoboa kopo la kwanza wanalolipata, hulijaribu, huona hakuna tofauti, kisha hulitupa na kutangaza kwamba habari yote ni uongo. Habari hii ni ya kweli na ina hesabu zake, na hesabu hizo zinaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote wa sekondari aliye na rula na kikokotoo. Kwa sababu hiyo naiomba Serikali ya Kaunti ya Mombasa, pamoja na walimu wa fizikia, waiingize antena ya kopo katika mafunzo ya vitendo.

Nianze na kazi ya kopo lenyewe, maana hapo ndipo watu wengi hupotea. Waifai ya kawaida hutumia masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, yaliyo kati ya gigahezi (mabilioni ya mitetemo) 2.4 na 2.4835, na wimbi la masafa hayo lina urefu wa takriban milimita 123 linaposafiri hewani. Kopo lililo wazi upande mmoja na kuzibwa upande wa pili huwa bomba la kuongozea wimbi hilo. Lakini bomba la mviringo halipitishi kila wimbi; lina kikomo chake, na masafa yaliyo chini ya kikomo hicho hufifia ndani ya sentimita chache tu bila kufika popote. Ili kukipata kikomo hicho kwa gigahezi, mtu achukue 175.7 agawanye kwa kipenyo cha ndani cha kopo kilichopimwa kwa milimita. Kuna pia kikomo cha pili, ambacho hupatikana kwa kugawanya 229.5 kwa kipenyo kile kile, na masafa yakikivuka, wimbi la umbo jingine hupata njia ya kuingia, likachanganyika na lile la kwanza na kuivuruga kazi. Kopo linalotufaa ni lile ambalo masafa ya waifai yanaangukia baina ya vikomo hivyo viwili, na ukifanya hesabu utaona kuwa kipenyo chake ni kati ya milimita 74 na milimita 92.

Sasa tazama makopo tuliyo nayo majumbani. Kopo la soda la kawaida lina kipenyo cha milimita 66 hivi, kwa hiyo kikomo chake ni karibu gigahezi 2.66, na wimbi la waifai haliwezi kupita humo hata kijana akeshe akilirekebisha. Tena kopo hilo ni la alumini, nayo haishiki lehemu ya kawaida. Kopo la maharagwe la gramu 400 lina milimita 73 hivi, yaani limesimama mpakani kabisa, na hilo ndilo ambalo vijana hulikimbilia kwa kuwa linapatikana kila duka. Makopo mengi ya maziwa ya watoto ya gramu 400 yana karibu milimita 99, hivyo yamezidi kidogo. Hufanya kazi, tena mara nyingine kazi nzuri, lakini hesabu yake haitabiriki kwa usafi kama ile ya kopo la milimita 85. Ninachowaomba vijana ni kwamba waende Marikiti au Kongowea wakiwa na rula mkononi, wapime mdomo wa kopo kwa ndani kabla ya kununua kilichomo, na wachague lililo kati ya milimita 80 na 90.

Jambo hili la upana lilijitokeza tangu siku za mwanzo za ufundi huu kule Marekani. Mwaka 2001 Rob Flickenger alipata sifa kwa antena aliyoiunda ndani ya kopo refu la vibanzi vya viazi vya Pringles, nayo ikaigwa duniani kote. Baadaye Gregory Rehm alipoilinganisha na makopo ya bati yaliyo mapana zaidi, yale mapana yaliishinda kwa urahisi. Sifa za kopo la Pringles bado zinavuma, na matokeo ya kipimo kile hayajulikani na wengi, jambo ambalo naliona ni hasara.

Baada ya upana huja kijiti cha shaba, ambacho ndicho kinachotoa na kupokea wimbi ndani ya kopo. Hiki ni kipande cha waya mnene wa shaba, wa milimita 2 hivi, kinachotiwa lehemu kwenye pini ya katikati ya soketi ya aina ya N, ambayo waya wa antena huchomekwa, na soketi hiyo hufungwa kwenye tundu lililotobolewa ubavuni mwa kopo. Urefu wake ni robo ya wimbi la hewani, yaani milimita 31 kukadiria, na hupimwa kuanzia ukuta wa ndani wa kopo hadi ncha, pamoja na ile sehemu ya pini ya shaba nyeupe inayochomoza. Rangi ya kinga iliyopakwa ndani ya kopo ikwanguliwe mahali soketi inapokaa, ili chuma kigusane na chuma.

Mpaka hapo wengi hufika salama. Kinachowaangusha ni umbali wa tundu hilo kutoka kitako cha kopo. Kitako hulirudisha wimbi, na tundu linapaswa kuwa mahali ambapo wimbi linalorudi linakutana na lile linalotoka bila kulipinga, yaani robo ya wimbi kutoka kitakoni. Lakini robo ya wimbi gani? Ndani ya bomba wimbi hurefuka kuliko lilivyo hewani, na kadiri kopo linavyokuwa jembamba ndivyo linavyozidi kurefuka. Kwa hiyo milimita 31 hazitumiki tena hapa. Katika kopo la kipenyo cha milimita 90 tundu linakaa sentimita 5.1 kutoka kitakoni. Katika kopo la milimita 85 ni sentimita 5.8, katika la milimita 80 ni sentimita 7, na katika kopo la milimita 75 umbali unaruka hadi kufikia sentimita 11. Tofauti ya kipenyo ya milimita 15 tu imeuzidisha umbali huo zaidi ya mara mbili! Nimewaona vijana wakinakili kipimo cha kopo la mtu mwingine, wakakitia katika kopo lao lenye upana tofauti, kisha wakalaumu waya, wakalaumu ruta, wakalaumu hata hali ya hewa, ilhali tundu ndilo lililokuwa mahali pasipo pake.

Anayetaka kufanya hesabu mwenyewe afuate njia hii. Agawanye kikomo cha kwanza cha kopo lake kwa 2.44, ambayo ni katikati ya masafa ya waifai. Jibu alizidishe kwa lenyewe. Atoe jibu jipya katika moja. Atafute kipeo cha pili cha kilichobaki. Kisha agawanye milimita 123 kwa namba hiyo. Atapata urefu wa wimbi ndani ya kopo, na robo yake ndiyo umbali wa tundu kutoka kitakoni. Kopo lenyewe linapendeza likiwa na urefu wa robo tatu za wimbi hilo la ndani, ambao kwa kopo la milimita 85 ni zaidi kidogo ya sentimita 17. Makopo mengi ya madukani ni mafupi kuliko hapo, na kwa hiyo hulazimu kukata kitako cha kopo moja na kuliunganisha na jingine la upana ule ule kwa lehemu, bila kuacha mwanya.

Hapo ndipo ninapowakumbuka mafundi wetu wa jua kali. Fundi anayetengeneza koroboi, karai na majiko ya bati anajua kuunganisha bati na bati kwa unadhifu ambao mwanafunzi aliyesoma vitabuni pekee hana, naye mwanafunzi anajua kutafuta kipeo cha pili ambacho pengine fundi hakufundishwa. Wakiketi pamoja mchana mmoja watatoa antena ambayo hakuna hata mmoja wao angeitoa peke yake. Sijui somo jingine la fizikia linaloweza kufundishwa kwa vifaa vya bei ndogo namna hii na bado likagusa mawimbi ya sumakuumeme, hesabu na kazi ya mikono kwa wakati mmoja.

Niseme pia kinachoweza kutarajiwa, ili pasiwe na ahadi za uongo. Kopo halizalishi nguvu mpya. Linafanya kama kioo kilicho nyuma ya balbu ya kurunzi: balbu ni ile ile na betri ni zile zile, ila mwanga uliokuwa ukitawanyika huku na huku sasa unaelekezwa mbele. Kopo lililopimwa vizuri huongeza desibeli (kipimo cha kulinganishia nguvu) 7 hadi 10 upande wa mbele, ukilinganisha na antena ya kinadharia inayotawanya nguvu sawasawa pande zote, na hiyo ni sawa na mara 5 hadi 10. Faida hiyo hupatikana katika kutuma na katika kupokea pia. Simu zetu hazina mahali pa kuchomeka antena ya nje, kwa hiyo kopo litawafaa wenye ruta ambayo antena yake hufunguliwa, au wenye kompyuta na kifaa cha waifai cha kuchomeka kwenye yuesibii.

Faida hiyo yote inaweza kupotea ndani ya waya. Waya mwembamba wa koaksi, yaani waya wa antena, wa aina ya RG-58, ambao ndio rahisi kupatikana, hupoteza karibu desibeli moja kwa kila mita katika masafa haya. Mtu akiweka kopo juu ya paa na kuteremsha mita 10 za waya huo hadi chumbani, amepoteza karibu desibeli 10, yaani tisa ya kumi ya nguvu yake, na kopo halitamsaidia kitu. Ni heri kile kifaa cha waifai kikae juu kando ya kopo, na kinachoteremka kiwe waya wa yuesibii, usiozidi mita 5, au waya wa mtandao wa kawaida ikiwa ni ruta.

Pwani yetu nayo ina masharti yake. Kuta za matumbawe za Mji wa Kale ni nene, na hulimeza wimbi kiasi kwamba ruta iliyo ofisini haisikiki katika chumba cha pili. Hapo kopo lielekezwe dirishani au mlangoni, si ukutani. Mapaa ya mabati hulirudisha wimbi lilikotoka. Minazi ni mizuri kwa kivuli lakini makuti yake mabichi yamejaa maji, na maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4, kwa hiyo njia iliyokuwa safi wakati wa utulivu inaweza kukatika upepo wa kusi unapoyayumbisha makuti na kuyaleta mbele ya antena. Wale wanaoota kuunganisha Likoni na kisiwani wajue kuwa mlango wa bahari pale kivukoni una upana wa takriban nusu kilomita, na kwamba kwa umbali huo wimbi linahitaji nafasi tupu ya karibu mita 4 kila upande wa mstari wa katikati, chini pia, si juu tu. Maji hulirudisha wimbi, na kwa kuwa maji yetu hupanda na kushuka kwa mita 3 hivi wakati wa bamvua, kiungo kinachofanya kazi vizuri maji yakiwa yamekupwa huenda kikadhoofika yakijaa. Meli kubwa inayoelekea Bandari ya Kilindini ikipita, njia itazibwa mpaka imalize kupita. Kwa kazi ya kudumu ya namna hiyo mimi ningemshauri mtu anunue antena ya dukani iliyoundwa kukaa nje. Chumvi ya bahari hulila bati upesi, hasa pale shaba inapogusana na chuma, na kopo lisilopakwa rangi kwa nje na kufunikwa mdomo kwa kifuniko chake cha plastiki, ambacho hakizuii mawimbi, litaanza kutu kabla ya kaskazi kugeuka kuwa kusi.

Nimefikia suala la sheria, ambalo linawatia walimu hofu. Masafa ya gigahezi 2.4 yametengwa kimataifa kwa matumizi ya viwanda, sayansi na tiba, na vifaa vya waifai huyatumia bila kila mwenye kifaa kuomba leseni ya masafa, mradi nguvu inayotoka isizidi kikomo kilichowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kikomo hicho huhesabiwa pamoja na antena, kwa hiyo kijana asifunge kopo kwenye kikuza nguvu akadhani anafanya jambo halali. Kuingia katika mtandao wa mtu bila idhini yake ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na kosa hilo ni lile lile ikiwa mtu ametumia kopo, simu au kompyuta ya bei ghali. Wanaosema antena ya kopo ni chombo cha wizi wanakihukumu kifaa kwa nia ya mtu mmoja. Shule iliyo na ruta moja katika ofisi ya mwalimu mkuu, na maktaba iliyo upande wa pili wa uwanja, haimwibii mtu inapojielekezea mtandao wake yenyewe. Kwa vikundi vya mtaa vinavyotaka kugawana intaneti waliyoilipia pamoja, Mamlaka ilitoa mwongozo wa leseni za mitandao ya jamii mwaka 2021, na huo ndio mlango wa kupitia.

Tangu mwaka 2009, nyaya za intaneti za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipowasili, Mombasa imekuwa mahali ambapo intaneti ya sehemu kubwa ya Afrika Mashariki huingilia nchi kavu. Inaniuma kuona kwamba watoto wanaozaliwa hatua chache kutoka pale nyaya hizo zinapotua wanakua wakiijua intaneti kama kitu cha kununua kwa vocha tu, bila kuambiwa wimbi lina urefu gani. Katiba ya mwaka 2010 imeziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa hiyo uamuzi huu hauhitaji kusubiri Nairobi. Ninaomba kila chuo cha ufundi katika kaunti hii kitenge wiki moja ya muhula kwa antena ya kopo, kimwalike fundi bati wa mtaa huo kufundisha kuunganisha, na kimpe mwalimu wa hesabu nafasi ya kufundisha vikomo viwili nilivyovitaja.

Walimu wasione taabu kuhusu vifaa vya kupimia. Kompyuta huonyesha nguvu ya waifai kwa namba hasi za desibeli, ambapo kutoka hasi 70 kuja hasi 60 ni kuongezeka mara 10. Wanafunzi wasimame upande mmoja wa uwanja, waandike namba bila kopo, kisha na kopo, kisha walizungushe kopo lile lile taratibu kwa mhimili wake, bila kuligeuza uso, mpaka kijiti kilichokuwa wima kilale. Iwapo antena ya ruta imesimama wima, namba itaanguka mbele ya macho yao, na mwalimu atapata nafasi ya kueleza mwelekeo wa wimbi kwa kitu ambacho wamekishuhudia. Ikiwa utaniruhusu, Mhariri, niko tayari kuandaa jedwali la kila kipenyo kutoka milimita 74 hadi 92 pamoja na umbali wa tundu na urefu wa kopo, lichapishwe katika ukurasa huu kabla ya shule kufunguliwa.

Wako mwaminifu,
Fundi wa redio,
Mtongwe, Mombasa.